Kubamba Mji

Siku ya ishirini na nane ya Ramadhani, mwaka wa pili wa hali ya hatari, Nurto alikuwa na nyota kumi na tatu zikikauka kwenye ua wa nyumba yake, na hapakuwa na jirani hata mmoja aliyekubali kutundikiwa moja mlangoni.

"Mwaka jana tulisali, tukarudi, tukafunga milango," alisema Maka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Mwaka huu pia tutasali, tutarudi, tutafunga milango. Mapambo ya nini, abaayo, dada yangu? Unampambia nani? Askari?"

"Naipamba Idd," Nurto akajibu. "Kafyu waliyotangaza ni ya watu. Ya Idd sijaisikia."

"Una wazimu."

"Basi nitapamba na wazimu wangu."

Walizungumza Kisomali, kama mtaa mzima, na kwa Kisomali Nurto alikuwa na maneno ya kutosha kumnyamazisha mtu yeyote Garissa. Kiswahili walikuwa nacho cha sokoni na cha ofisini, cha kuulizwa na kujibu. Huko ndiko mambo yalikoharibikia, ila asubuhi hiyo hakuna aliyejua bado.

Nyota zile zilikuwa mali ya Mwingereza mmoja, injinia wa barabara, aliyefunga virago baada tu ya Krismasi. Alimwaga vyombo vyake barazani viuzwe, na watu wakagombania viti, taa na vyandarua. Nurto alifika kimekwisha kila kitu isipokuwa kasha moja ambalo mpishi alikuwa akilisukumia jikoni likawe kuni. Ndani mlikuwa na nyota za mbao nyembamba zilizobabuka rangi ya dhahabu, kengele za bati zenye kutu, na mzee wa mbao mwenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu, urefu wake kama mtoto wa miaka mitatu. Nurto alimpa mpishi jogoo, akajitwika kasha lake. Njia nzima watu walimcheka kwamba amenunua Mzungu.

Mumewe, Yarow, hakucheka. Alikuwa mpaka rangi wa barabara kwa miaka kumi na mmoja. Mawe yote ya maili kutoka mtoni hadi mbali huko njia ya Wajir yalipita mkononi mwake. Kisha siku moja yeye na Wasomali wenzake waliambiwa wakae nyumbani mpaka hali itulie. Msimamizi alimvua sare palepale kwenye foleni, mbele ya vibarua wageni waliokuja kuchukua nafasi zao, naye akarudi nyumbani amejifunga shuka la kuazima. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa mlangoni akiangalia mikono yake. Nurto aliliweka kasha lile mbele yake.

Yarow aliokota nyota moja, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. "Mbao nzuri," alisema. "Aliyepaka hakujua kazi."

Kuanzia hapo nyumba ikapata uhai. Alizisugua nyota kwa mchanga wa mtoni na kitambaa chenye maji mpaka dhahabu yote ikatoka. Nyingi zilikuwa zimevunjika ncha, kwa hiyo alikata mabati ya debe kwa umbo la duara, akaunga ncha kwa vibanzi, na kila nyota akaipigilia juu ya bati lake ili isivunjike tena. Yule mzee mwenye ndevu alimsumbua siku mbili. Sanamu ya mtu haingetundikwa siku ya Idd, na mbao yake ilikuwa nzuri mno kuchomwa. Mwishowe Yarow alimpaka nyeupe mwili mzima, ndevu zikawa ukuta, kofia ikawa ncha ya mnara wa msikiti. Nurto alipouona alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Yarow naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu avuliwe sare.

Rangi alikuwa nazo mbili tu, masalio ya kazi: nyeupe ya mawe ya maili, na buluu hafifu aliyobakiza alipopaka madirisha ya zahanati. Alizilainisha kwa mafuta ya taa. Mabati akayapaka buluu, nyota akazipaka nyeupe.

"Yarow," Nurto alimwambia zilipoanza kukauka. "Nyota nyeupe juu ya buluu. Unaona ulichofanya?"

"Nimeona."

Bendera ya rangi hizo kila mtu aliijua. Ilikuwa ya Wasomali wa ng'ambo ya mpaka, na kwa ajili yake watu walikuwa wakiuawa porini na wengine wakichukuliwa majumbani mwao.

"Watu watasema."

"Rangi nyingine niitoe wapi? Nikamkamue ngamia?" Alichovya burashi tena. "Mbingu ni buluu pia. Waende wakaikamate."

*

Koplo alipita alasiri na askari wawili. Alikuwa kijana wa bara, mgeni Garissa, na joto lilikuwa limemchosha. Alisimama uani akazitazama nyota zote kumi na tatu, moja baada ya nyingine.

"Hizi ni za nini?"

Yarow aliinuka kwa adabu, burashi mkononi. Ilikuwa muda mrefu mtu wa serikali hajamuuliza habari za kazi yake, na, wallahi, alifurahi kuulizwa.

"Ya kubamba, afande."

"Kubamba?"

"Ndio, afande. Kubamba mji."

Koplo alitoa daftari mfukoni. "Sema tena. Lini?"

"Siku bado hatujui. Tunangoja mwezi. Mwezi ikionekana, tunabamba mji yote."

"Mko wangapi?"

"Watu yote, afande. Wanaume, wamama, hata watoto. Wengine wanaogoba, lakini watatoka tu."

"Na mkubwa wenu ni nani?"

"Ni mimi na bibi yangu," Yarow alisema kwa majivuno.

"Mnatumia nini?"

"Nyundo, musumari, kamba. Na burashi yangu hii."

Koplo aliandika yote polepole. Huko kwao kubamba ni kumkamata mtu, kumnasa asipate pa kukimbilia, na sikio lake halikuwa na kosa: hivyo ndivyo alivyosikia. Alifunga daftari akamwambia Yarow yuko chini ya ulinzi.

Yarow hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba anaondoka na mkebe wa rangi uko wazi juani, na rangi ikiachwa hivyo hufanya ngozi. Aliinama kuufunika. Askari mmoja aliona mtu anainama ghafla kuchukua kitu, akampiga kitako cha bunduki mkononi. Nurto alitoka ndani aliposikia ukelele, akamkuta mumewe amepiga magoti, vidole viwili vya mkono wa kulia vimegeukia upande usio wao, na mkebe umepinduka, buluu yote ikinywewa na mchanga.

Nyota walizitia kwenye gunia. Kengele na mnara waliviacha. Majirani walichungulia kwenye nyufa za milango, na Nurto aliwaona wote wanaochungulia, akawataja mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti, ili wajue amewaona.

*

Asubuhi alikuja Salat, binamu yake, mkalimani wa kituo cha polisi. Alikuja kwa mlango wa nyuma.

"Lori linaondoka saa sita," alisema. "Wanampeleka jela ya bara. Imeandikwa kwamba mwezi ukionekana mtaubamba mji."

"Si ndivyo tulivyosema?"

"Ndivyo mlivyosema. Lakini wao wana maneno mawili, Nurto. Moja ni la kurembesha nyumba. La pili ni la kuteka. Yote mawili kinywani mwetu ni kubamba."

Nurto alimkodolea macho. Alitaka kucheka, kisha akakumbuka vile vidole.

"Na wewe mkalimani ulikuwa wapi?"

"Nilimwambia Inspekta, afande, kuna kubamba na kuna kubamba." Salat alijifuta jasho. "Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia tena, huyu hakusema kubamba, alisema kubamba. Koplo akaangua kicheko. Ile sauti inatengenezwa na midomo, nimeisikia miaka sita, lakini sina. Kila nikiitafuta napata ileile yetu."

Nurto alijitanda shuka lake.

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni. Na wewe unakuja."

"Nikisimama na wewe pale, jioni nami naandikwa."

"Basi simama nyuma yangu. Lakini usimame."

*

Walimweka Nurto juani nje ya kituo muda mrefu. Kivuli cha baraza kilikuwepo, lakini koplo alisema baraza ni ya wafanyakazi. Yeye mwenyewe alivuta kiti kwenye kivuli hichohicho, akaletewa chai, akaanza kuipuliza taratibu huku akimtazama. Salat alisimama nyuma kama alivyoambiwa, ameinamisha kichwa.

"Chai, mama?" koplo aliuliza, na wenzake wakaguna kwa kicheko.

"Mimi nimefunga," Nurto alisema. "Bwana yangu ndio nyinyi mumemfunga. Niitie mkubwa wako."

Alisema mara ya kwanza, akasema mara ya pili, na mara ya tatu alisema kwa sauti iliyofika ndani, mpaka Inspekta mwenyewe akaita aletwe, angalau kelele ziishe. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mezani kwake palikuwa na karatasi nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kusoma. Gunia la nyota lilikuwa pembeni ya kabati, limefungwa kamba na kutiwa alama ya ushahidi.

"Mumeo amekiri," Inspekta alisema. "Sikumlazimisha mimi. Wamepanga kubamba mji."

"Ndio. Tumebanga."

"Unakubali?"

"Nakubali. Hata wewe nitakubamba."

Salat alitoa mlio mdogo kooni. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliushika mkanda wake. Nurto hakumngoja mtu. Alilifuata gunia, akaing'ata kamba kwa meno ikakatika, akatoa nyota ya kwanza. Juu ya kalenda ya ofisi palikuwa na msumari. Akaitundika hapo, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imekaa sawa, akaisogeza kidogo. Ya pili akaiweka kwenye komeo la dirisha. Ya tatu akaisimamisha mezani, katikati ya karatasi, mbele ya pua ya Inspekta.

"Hii," alisema, akipumua kwa nguvu. "Hii ndio kubamba. Siku ya Idd. Mwezi ikionekana, kila mlango naweka moja. Umeona bunduki? Iko wabi?"

Inspekta aliitazama nyota ya mezani. Aliitazama ya kalenda. Kisha akafungua faili, akasoma tena yale maneno kutoka juu mpaka chini, polepole, na alipofika kwenye nyundo na misumari akaweka mkono usoni.

"Kupamba," alisema.

"Ndio, afande. Kubamba."

"Ku-pa-mba."

"Si ndio nasema!"

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, na askari wote waliokuwa mlangoni nao wakacheka kwa kuwa mkubwa amecheka, na koplo akacheka kwa sauti kuliko wote ili isikumbukwe nani aliandika. Nurto alisimama katikati ya kicheko hicho. Mtu wake alikuwa chumba cha nyuma na vidole vilivyovunjika, na watu hawa walikuwa wamepata kichekesho. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwuma.

"Haya, mama," Inspekta alisema akijifuta macho. "Nifundishie koplo wangu asikosee tena. Sema vizuri mara moja tu. Pa. Kupamba. Ukisema, unamchukua mumeo."

Alitaka kufurahisha watu, labda. Salat alimnong'oneza Nurto kwa Kisomali, ajaribu, abane midomo halafu aipulize. Nurto aliibana midomo, na askari wote wakainama mbele kusubiri. Kisha akaiachia.

"Sema habhab," alimwambia Inspekta.

"Nini?"

"Habhab. Tikiti maji, hii yetu ya hapa mtoni. Sema."

Neno lenyewe ni dogo, lakini h yake si h ya Kiswahili. Inatoka chini kabisa kooni, mara mbili, na mtu asiyezaliwa nayo haipati kwa siku moja.

"Habuhabu," alisema Inspekta.

"Hapana."

"Habhabu."

"Hapana! Hiyo si kitu. Hiyo hakuna mtu anakula." Nurto aliigonga meza kwa kidole. "Umekosa mara mbili. Sasa na wewe nikufunje fidole? Nikutie lori? Bwana yangu alisema neno yenu na mdomo yake. Mdomo yake haikufunja sheria. Mimi sisemi tena. Niletee mtu yangu."

Hakuna aliyecheka. Salat alikuwa amefumba macho. Koplo alipiga hatua moja akasema, "Afande, huyu mwanamke," lakini Inspekta aliinua mkono bila kumtazama. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya ukurasa wa koplo tangu pembe moja hadi ya pili, akatia sahihi yake chini.

"Mlete," alisema.

Yarow aliletwa, mkono wake umefungwa kwa kipande cha shati lake. Alipomwona Nurto alijaribu kuuficha nyuma. Nurto aliutazama, akajizuia kulia mbele ya watu wale.

"Mchukue," Inspekta alisema. "Ila nyota hizi haziendi popote. Kupamba nimeelewa. Rangi hii pia naielewa, na ninyi mnaielewa. Ikionekana mtaani, mwingine mkali kuliko mimi atakuja hapa, naye hataki hadithi za tikiti."

Salat alimgusa Nurto bega. Mume amepatikana, lori liko uani, mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Yarow mwenyewe alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani."

"Buluu hutaki?" Nurto alimwuliza Inspekta.

"Sitaki."

"Basi toa ingine."

"Nitoe nini?"

"Rangi. Yetu mlimwaga. Na ile mkebe ya buluu haikuwa na kosa, ilikuwa ya dirisha ya zahanati, ya serikali. Kama serikali hataki buluu, serikali atoe rangi anataka. Sisi tutabaka hiyo. Bila nyota yangu siendi."

"Mama, umepewa mumeo."

"Bwana si zawadi yako. Alikuwa yangu jana." Akaketi chini, pale sakafuni, akalivuta gunia mapajani. "Sasa nifunge mimi. Lakini lori yako itajaa watu kwa sababu ya mabambo, na kila mahali mtu atauliza umewafunga kwa nini. Utamwambia nini? Neno gani utaandika?"

Inspekta aliyatazama mafaili yaliyorundikana mezani. Alikuwa na njaa ya usingizi, na siku hiyo alikuwa na mambo mazito kuliko nyota kumi na tatu. Labda pia alikuwa na mama yake mahali fulani. Alimwita koplo.

"Stoo kuna ile kijani ya malori?"

"Ipo, afande. Madebe mawili."

"Mpe moja. Na umbebee mpaka kwake, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mtu wake hana mkono."

*

Walirudi mchana kweupe kupitia katikati ya soko: Nurto mbele na gunia kichwani, Yarow nyuma yake, Salat akisitasita, na mwisho koplo wa polisi na debe la rangi, jasho likimtiririka. Jama muuza duka alitoka kabisa nje kuangalia. Nurto hakuharakisha hata kidogo; alisimama mara mbili kusalimiana na watu, na salamu za Kisomali ni ndefu, na koplo hakuwa na budi kusimama na debe lake mpaka ziishe.

Yarow hakuweza kushika burashi. Alikaa kwenye mkeka akielekeza, na Nurto ndiye aliyepaka.

"Nyembamba. Umeiweka nene."

"Rangi ya serikali, acha iwe nene."

"Itachuruzika."

"Ichuruzike."

"Nurto." Alimshika mkono kwa mkono wake mzima wa kushoto, akauongoza taratibu, kutoka katikati ya bati kwenda nje. "Hivi. Kazi yetu isiseme ilipakwa kwa hasira."

Hapo ndipo alipolia. Alilia huku akipaka, na Yarow aliendelea kuuongoza mkono wake bati baada ya bati mpaka kijani kikafunika buluu yote. Ilikuwa kijani kizito cha malori ya vita, kisichopendeza sana, na nyota nyeupe juu yake zilionekana kwa mbali.

Magharibi mwezi ulionekana. Kafyu ilikuwa imeanza, hakuna aliyeweza kutoka, lakini takbiri zilipita kutoka ua hadi ua, watu wakipokezana juu ya kuta wasizoweza kuzivuka, mpaka mtaa mzima ukawa na sauti moja.

Alfajiri, saa ya kafyu ilipokwisha na watu wakianza kupelekeana fitri, ile sadaka ya maskini kabla ya sala ya Idd, Nurto alitoka na nyundo. Alianza na mlango wake. Aligonga misumari kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Kwenye kona walisimama askari wawili na bunduki zao, wakitazama. Mlango wa Maka ulifunguka kidogo, kisha ukafunguka wote, na Maka akatoka amevaa nguo yake ya Idd ambayo mwaka uliopita haikutoka sandukuni.

"Nipe na mimi," alisema.

Nurto alimpa. Nyuma ya Maka walitoka wengine, waliokuwa wamechungulia kwenye nyufa na waliotajwa majina, nao wakanyoosha mikono. Haikuchukua muda gunia likawa tupu, na kwa walioikosa nyota Yarow aligawa kengele. Maka aliigusa ile ya mlangoni kwake. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika kidoleni, akakiinua kidole kukitazama.

"Kijani safi hiki, na Garissa hii hakuna duka lenye hata kikombe cha rangi. Mmekipata wapi, abaayo?"

Aliuliza kwa Kisomali. Nurto alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akiwaangalia wale askari wawili wa kona.

"Serikali imetoa fitri."